Chumba cha vioo barazani: kuta nakubali, paa nakataa

SWALI: Mama mmoja muuguzi, anayekaribia kustaafu Leicester, Uingereza, ameniandikia hivi: "Nina nyumba Mbweni, Dar es Salaam, kwa sasa wanakaa wadogo zangu. Nyuma kuna baraza la mita 6 kwa 3.5, linatazama bahari upande wa mashariki, lina bati la migongo mipana juu ya nguzo nne. Nyumba yangu ya huku ina konsavatori, yaani chumba cha vioo kilichoungana na nyumba, na ndicho chumba ninachokipenda kuliko vyote. Nataka nibomoe paa la baraza niweke alumini na vioo, kuta na paa, nikae na wajukuu tukiangalia bahari. Kampuni moja ya huku iko tayari kunitengenezea kila kitu nisafirishe kwa kontena. Huku chumba cha namna hii kikiwa chini ya mita za mraba 30 hakisumbuliwi na wakaguzi, huko ikoje? Na AC ya ukubwa gani itanitosha?"

JIBU: Shikamoo mama. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ukishalipata jibu lake mengine yatajipanga yenyewe.

Baraza lako lina mita za mraba 21. Jua la saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, linashusha karibu kilowati 1 ya joto kwenye kila mita ya mraba iliyolala. Kioo cheupe cha kawaida kinapitisha kama sehemu nne kati ya tano za joto hilo. Kwa hiyo kupitia paa peke yake, kabla hatujahesabu kuta, watu na birika la chai, utakuwa umeingiza kilowati 17 hivi ndani ya chumba. AC ya BTU 12,000, hii tunayoweka vyumbani, inaondoa joto la kilowati 3.5. Piga hesabu mwenyewe: unahitaji tano, zote zikinguruma kwa pamoja, ili ukae mchana kwenye chumba cha kupumzikia. Ukinunua kioo ghali cha kukinga jua, kile kinachopitisha theluthi moja tu, bado utabaki na AC mbili zinazowaka kutwa nzima kwa umeme wa LUKU.

Najua utaniambia kwamba chako cha Leicester hakiko hivyo. Ni kweli, na sababu iko angani. Leicester jua la saa sita mchana mwezi Desemba linapanda nyuzi 14 tu kutoka upeo wa macho. Linachungulia kwa ubavuni, linaingia ukutani, linakupasha miguu. Mwezi Juni, likiwa limepanda kuliko siku zote za mwaka, linafika nyuzi 61. Sasa linganisha na Dar: hapa jua la saa sita likiwa chini kuliko siku zote, nalo ni mwezi Juni, liko nyuzi 60. Yaani pale jua lenu linapofikia kilele ndipo letu linapoanzia. Na mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, linasimama utosini kabisa, mtu anakanyaga kivuli chake. Paa la vioo chini ya jua la namna hiyo ni sufuria iliyofunikwa.

Kuna jengo maarufu Kew, London, linaloitwa Palm House. Lilijengwa kati ya 1844 na 1848, chuma na vioo vitupu, ili mimea ya jamii ya minazi na michikichi iweze kuishi katika nchi ya theluji. Wenzetu walijenga nyumba nzima ya vioo ili mnazi usife kwa baridi. Mbweni mnazi unaota nyuma ya choo bila kuombwa.

Hili sikulijua kitabuni. Mwaka 2011 nilimjengea mteja mmoja chumba kama unachokitaka, kuta na paa, vioo vya rangi ya shaba, kazi safi mpaka nikapiga picha za kuwaonyesha wateja wengine. Alikuwa ameona kwenye jarida, nami nilikuwa kijana mwenye njaa ya kazi, sikumbishia. Miezi michache baadaye nilipita kurekebisha komeo nikakuta kamba za nguo zimevutwa ukuta hadi ukuta. Dada wa kazi akaniambia hapa nguo zinakauka hata wakati wa masika. Viti vilikuwa vimerudishwa sebuleni. Tangu siku hiyo paa la vioo silijengi, mteja alie, acheke.

Tena hata huko uliko, mama, chunguza majirani zako. Watu wengi wanaondoa paa za vioo na za plastiki kwenye konsavatori zao wanaweka paa la kuziba, kwa sababu Januari chumba kilikuwa friji na Julai kilikuwa tanuri. Usije ukanunua leo kile wanachokibomoa.

Kwa hiyo bati lako libaki. Tena liboreshe. Bati tupu linapiga joto kichwani, hivyo weka dari chini yake, na kati ya dari na bati laza ile karatasi inayong'aa ya kurudisha joto, ukiacha nafasi ya hewa juu yake. Hakikisha bati linatoka nje ya ukuta mpya kwa sentimita 90 angalau. Kama kenchi zimeishia kwenye nguzo, fundi paa aziongeze kabla fundi alumini hajaitwa. Na juu kabisa ya ukuta, chini ya dari, acha mstari wa matundu yenye nyavu pande mbili zinazotazamana. Hewa ya moto inapanda. Ikikuta pa kutokea inakwenda zake, isipokuta inakaa na wewe.

Sasa kuta, na hapa nakubaliana nawe kwa moyo mmoja. Bahari iko mashariki, kuangalia ni haki yako.

Usiteremshe kioo mpaka sakafuni. Panga ukuta mfupi wa tofali la inchi sita, kozi tatu, utapata kama sentimita 70. Kwa ndani ujengee baraza la kukalia urefu wote, kama yale ya nyumba za zamani za pwani, uweke magodoro na mito. Umeokoa kioo, wajukuu hawapigi mpira kwenye kioo, maji ya mvua yanayoruka kutoka ardhini yanaishia kwenye tofali, na umepata viti vya watu kumi bila kununua kiti. Bahari ukiwa umekaa bado unaiona yote.

Juu ya ukuta huo swali ni moja tu: dirisha linafunguka kiasi gani? Hapa ndipo mafundi wengi tunawapotosha wateja, kwa sababu dirisha la kusukuma ndilo rahisi kwetu. Dirisha la kusukuma la vioo viwili linafunguka nusu. Nusu nyingine ni kioo kimekaa nyuma ya kioo. Ukiongeza nyavu za mbu, ambazo nazo zinabana upepo sana, ile nusu inakuwa robo kwa hisia ya mwili. Luva, vile vipande vyembamba vya kioo vinavyolala na kusimama, zinafunguka karibu zote na unaweza kuziacha wazi mvua nyepesi ikinyesha. Milango ya kukunja inafunguka karibu yote lakini ina bawaba nyingi, na kila bawaba ni chakula cha chumvi. Mimi kwako ningeweka hivi: upande wa bahari vioo vikubwa visivyofunguka katikati, luva pembeni zake, upande wa kusini na wa kaskazini luva kuanzia juu ya tofali mpaka chini ya ule mstari wa matundu. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba inaingia kaskazini inatokea kusini. Kusi ikianza baada ya masika inageuza njia. Feni moja ya dari itamalizia. Kwa mpango huo unaweza usiwashe AC kabisa, isipokuwa siku chache za Februari.

Jua la asubuhi litakufikia. Kuanzia linapochomoza hadi saa tatu liko chini mno, hakuna paa litakalolizuia. Wengine wanalipenda kwa chai. Usipolipenda, ning'iniza pazia la mianzi la kukunja upande wa NJE wa kioo. Pazia la ndani linazuia mwanga wakati joto limeshapita kioo na limeshakuwa mgeni wako.

Mlango na madirisha yaliyopo kati ya sebule na baraza usiyatoe, hata fundi akisema chumba kitaonekana kikubwa. Siku joto likishinda utafunga mlango na nyumba itabaki na ubaridi wake, na usiku kufuli la nyumba ni lile lile la zamani. Huko Uingereza mlango huo umo kwenye sheria: chumba kinasamehewa ukaguzi kikiwa chini ya mita za mraba 30, kikiwa usawa wa ardhi, na kikitengwa na nyumba kwa ukuta, mlango na madirisha ya kiwango cha nje. Sisi hatuna msamaha wa namna hiyo wa kuutegemea. Kuongeza chumba ni ujenzi, na kibali kinatoka Manispaa ya Kinondoni. Mpe mdogo wako kazi ya kufuatilia mapema. Halafu apime kutoka baraza hadi maji ya bahari yanapofika yakijaa: Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukiwa ndani ya hizo mita, usiongeze hata tofali moja kabla ya kuzungumza na wahusika.

Alumini yenyewe. Watu wanasema alumini haishiki kutu. Haishiki kutu nyekundu kama nondo, lakini kwenye hewa ya bahari inaota vidoa vyeupe, inachimbika vishimo, na rangi inabambuka kama ngozi iliyoungua. Ugonjwa huo mara zote unaanzia mahali pamoja: kwenye ncha zilizokatwa na kwenye matundu ya skrubu, ambako rangi imekwanguliwa na hakuna aliyejali. Ukienda kukagua kazi ya fundi yeyote, acha kutazama katikati ya kioo. Inama utazame kona za chini.

Rangi ya unga inayookwa iwe na unene usiopungua mikroni 60, na msambazaji akuambie kwa maandishi kwamba alumini ilisafishwa na kutibiwa kwa ajili ya pwani kabla ya kupakwa. Asipoelewa unauliza nini, umeshapata jibu. Unene wa alumini yenyewe mimi kwa mlango mkubwa sishuki milimita 1.4, na madukani utakuta ya milimita 1 inauzwa kwa maneno matamu. Vyote viwili vinang'aa sawa. Kipimo cha fundi ndicho kinachosema kweli. Chagua rangi nyeupe au ya maziwa. Najua nyeusi ndiyo fasheni. Lakini alumini inatanuka: ufito wa mita 6 ukitoka nyuzi 24 za alfajiri ukafika 70 za adhuhuri, na nyeusi juani inafika, unaongezeka zaidi ya milimita 6. Fundi aliyeubana kati ya nguzo mbili kwa saruji ataitwa tena, kwa sababu kitu lazima kitoe njia: ama plasta itapasuka, ama ufito utapinda na luva zitakataa kufunga. Aache milimita 5 kila upande ajaze silikoni. Na mita zako 6 azigawe kwenye fremu tatu, asizifanye moja.

Saruji mbichi nayo inaunguza alumini. Tone la plasta likikaa usiku mmoja linaacha alama isiyotoka. Ile plastiki ya kinga inayokuja na fremu ibaki mpaka fundi rangi amalize, hata kama wadogo zako wana hamu ya kuibandua.

Kuna jambo dogo ambalo linaua kazi nyingi za pwani kuliko yote niliyotaja, nalo ni skrubu. Skrubu ya chuma cha kawaida ndani ya alumini, ikilowa maji ya chumvi, inageuka betri: metali mbili, chumvi katikati, na alumini ndiyo inayoliwa. Mwaka wa pili unaona mchirizi wa kahawia chini ya kila skrubu, mwaka wa nne fremu inacheza. Mwambie fundi skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, wengine huliita A4. Daraja la 304 linatosha Ubungo, mbali na bahari, Mbweni halitoshi. Na grili, maana najua mtaweka grili, isifungwe kwenye alumini. Ishikwe kwenye tofali na nguzo, kwa ndani, na kipande kimoja kiwe mlango wenye ufunguo unaojulikana ulipo. Moto haungoji mtu atafute funguo.

Kioo nitakipitia haraka. Kwenye mlango, na popote mtoto anapoweza kuangukia, kiwe cha tempa, kile kinachovunjika vipande vidogo kama kioo cha pembeni cha gari. Kina muhuri kwenye kona, na hakikatwi baada ya kuchomwa, kwa hiyo vipimo visikosewe. Vile vikubwa vya kutazamia bahari weka vya kugandishwa na utando katikati, kama cha mbele cha gari: kikipasuka kinabaki kimeshikana, na mwizi anapata tabu nacho. Mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 6 ina kilo 15. Mlango wa mita 1 kwa 2.1 ni zaidi ya kilo 31 kabla ya fremu, hivyo bawaba zisiwe zile za kabati. Vioo vya bluu vinavyorudisha sura kama kioo cha kujitazamia, sivishabikii. Mchana vinakuficha, usiku ukiwasha taa mambo yanageuka, aliye nje anakuona wewe na wewe huoni kitu. Kwa kuwa paa lako litatoa kivuli, kioo cheupe kinatosha na bahari itabaki na rangi yake.

Vioo viwili vyenye hewa katikati, na alumini yenye kikata-joto cha plastiki ndani yake, ambavyo kampuni ya huko lazima wamekusifia: huko ni lazima, maana alumini inapitisha joto kuliko chuma na asubuhi ya baridi ingetiririka maji kwa ndani. Hapa unalipia kinga ya baridi ambayo haipo. Chumba kinachokaa wazi kwa luva hakina joto la kutunza.

Ndiyo maana kontena nalikataa pia. Watakutengenezea vizuri, sibishi, lakini watatengeneza kwa vipimo vya picha, na nguzo zako nne nina hakika hazijasimama wima zote. Fremu ikizidi sentimita 2 Leicester wanabadilisha kesho. Mbweni utakata kwa msumeno, na pale ulipokata ndipo rangi imeondoka. Na mpira wa dirisha ukichoka baada ya miaka sita, Kariakoo hawana wa aina hiyo.

Lakini sanduku lako la nguo lina kazi. Nunua huko skrubu za A4 kulingana na orodha atakayokupa fundi, bawaba na makomeo ya daraja hilo hilo, na roli ya nyavu ya nyuzi za kioo iliyofunikwa plastiki. Nyavu za alumini chumvi inazila. Ni vitu vidogo, havina uzito wa kutisha, na hapa ndivyo vinavyoghushiwa zaidi.

Bei utatajiwa kwa futi ya mraba. Mita moja ya mraba ni futi 10.76, hivyo ukuta wako wa mbele, mita 6 kwa kimo cha mita 1.8 juu ya tofali, ni futi 116 hivi. Mwulize fundi kama bei hiyo ina kioo, nyavu, silikoni na usafiri ndani yake, kwani mmoja atataja bei ndogo na nyavu zikaja kama deni. Usimalize kulipa kabla mvua moja kubwa haijapita. Na kama utaweka hata mlango mmoja wa kusukuma, mwambie mdogo wako amwage jagi la maji kwenye reli ya chini mbele ya fundi: yatoke nje kwenye matundu. Nimekuta matundu hayo yamesahauliwa kabisa, na nimekuta yamezibwa kwa silikoni na fundi aliyedhani anazuia maji yasiingie.

Likikamilika, kila baada ya miezi mitatu lioshwe kwa maji ya bomba na sabuni laini. Si sabuni ya unga, na si steli wayo.

Kabla sijakupa mchoro nahitaji kitu kimoja. Sakafu za baraza hujengwa zikiinamia nje ili mvua isiingie sebuleni, na ukuta mpya ukikaa ukingoni utageuza baraza kuwa beseni. Mwambie mjukuu amwage ndoo ya maji mlangoni mwa sebule, apige picha yanakopita na yanakotuama. Anitumie hiyo, na picha ya kila nguzo ikiwa na timazi limening'inizwa pembeni yake.